Kipimo cha Mama Mkwe

Dar es Salaam, Jumapili baada ya misa

Mama Yusta, mke wangu,

Barua hii ikukute umekaa. Kama umeipokea ukiwa sokoni au bombani, ikunje kwanza, nenda nyumbani, vuta kigoda, ukae. Halafu endelea.

Mgongo wako unasemaje? Yusta ameacha kukohoa usiku, au bado mnampa tangawizi na yeye anaimwagia maua? Paa la jikoni mmeliziba? Mimi mwili upo, unakula, unalala, haujambo kuliko mwenyewe.

Sasa tangazo. Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma wa Kawajense, kuanzia mlangoni kwetu mpaka kwa jirani yetu muuza mkaa, ya kwamba mimi mumeo, baada ya mashauriano marefu na macho yangu mwenyewe, nimeanza kuvaa miwani ya kusomea. Sherehe ilikuwa fupi. Fremu ni nyeusi na nene, na vijana wa ofisini wanasema nafanana na hakimu wa mahakama ya mwanzo anayengoja chai. Ulisema siku nyingi, tangu uliponiona nasoma Biblia nimenyoosha mkono kama mtu anayerudisha mtoto aliyejikojolea. Nilibisha. Ulikuwa sahihi. Liweke neno hilo mahali pazuri, maana kwa kawaida yangu halirudi.

Huku joto ni la kuchemsha mayai. Shati linalowa kabla sijamaliza vifungo. Ugali wao ni mweupe kama chaki, na ladha ni ileile ya chaki, nakula huku naota dona lako na mboga ya karanga. Chumba nilichopewa kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta. Jirani ana redio, na mimi nina redio ya jirani. Nimezoea. Mtu wa miaka hamsini na mbili huzoea chochote isipokuwa kuambiwa ukweli.

Najua ukiulizwa mumeo anafanya nini Dar unajibu "yuko kwenye mambo ya moyo", na dada yangu Skola amenipigia kunionya kwamba watu wanadhani nimeoa. Wasomee kipande hiki basi. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo, ukiwa mzima, ni kama mpira mpya wa baiskeli: damu ikisukumwa unatanuka kidogo, halafu unarudi. Ukizeeka, au ukikaushwa na presha miaka mingi, unakuwa kama ule mpira wetu wa maji tulioacha juani nyuma ya nyumba mpaka ukawa unakatika ukiukunja. Kwenye mshipa laini pigo la moyo linatembea. Kwenye mshipa mgumu linakimbia, na moyo unakuwa kama mtu anayesukuma ukuta kutwa nzima. Kule Mpanda tulikuwa tunapima mbio hizo. Kidude kinawekwa shingoni panapodunda, halafu kinawekwa kwenye kinena, pale juu ya paja, napo panapodunda. Katikati tunapima umbali kwa futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani. Namba ndogo ni mshipa laini, namba kubwa ni mshipa mgumu.

Unamkumbuka yule mzee aliyeiona futi akashika nguo zake kwa mikono miwili? "Kijana, kama ni jeneza, andika mbao za mninga, na usinipunguzie urefu." Nilipokusimulia, ulicheka mpaka ukaunguza maharage.

Hapa sasa vijana wanachukua namba zetu za Mpanda na kuilisha kompyuta. Wanajenga mfano wa mshipa humo ndani: unaipa umri wa mgonjwa, presha yake, moyo ulivyotanuka na kile kipimo chetu, nayo inajaribu kumwonyesha daktari mshipa wa mtu huyo ulivyo na unakoelekea. Mimi kazi yangu ni kukaa pembeni na madaftari tuliyoyajaza. Wakiuliza "hii ni nne au tisa?" nayasogeza kwenye miwani, natamka. Nimesafiri siku mbili kuja kuwa mkalimani wa mwandiko wangu mwenyewe.

Tulikuwa tunaendelea vizuri hivyo mpaka Jumanne. Kuna binti mmoja pale, Injinia Rehema, umri wake hauzidi sana wa Yusta wetu, lakini anaheshimu watu. Aliniita.

"Mzee Mpanda, njoo umwone mgonjwa wako."

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na vinukta vingi vimepanda pamoja kama siafu wanaohama. Kila kinukta ni mtu. Kimoja kilikuwa chini kabisa, peke yake, kama mbuzi aliyekata kamba.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Nitajuaje? Si nyie ndio mlipima. Namba arobaini na moja. Mwanamke, miaka sitini na nane. Presha ya miaka mingi, moyo umetanuka, miguu inavimba. Halafu mshipa wake, mzee wangu, ni wa binti anayeruka kamba shuleni."

"Labda Mungu amempendelea."

"Mungu anapendelea, lakini anaacha picha." Akafungua mahali pengine. "Kila mgonjwa ana picha ya mawimbi, ile mashine huihifadhi yenyewe ukipima. Wote wanayo. Huyu hana. Ana namba tu, ya mkono, ndani ya daftari."

"Labda mashine ilizima."

"Labda," akasema, wala hakunitazama vibaya. "Basi namfuta. Mtu mmoja hawezi kutupindishia mstari unaopita katikati ya wote hawa."

Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Ningekaa kimya kidogo tu, nikohoe, nisogeze kiti, na jambo lingekwisha. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Usimfute."

"Kwa nini? Unamjua?"

"Ni mama yake mke wangu."

Mama Yusta, namba arobaini na moja ni mama yako. Ndiyo sababu nimekuomba ukae.

Nilikwambia siku ile kwamba Sista Adela, muuguzi mwenzangu, ndiye aliyempima, na kwamba namba ilitoka nzuri. Sista Adela hakumpima. Mimi sikumpima. Hakuna aliyempima. Ile saba nukta mbili iliyoandikwa kwenye daftari niliitoa kichwani, kama mtu anayetaja umri wa kuku.

Unajua mwenyewe desturi yetu. Mama mkwe hapewi mkono. Ukikutana naye njiani unapisha, unatazama majani. Miaka ishirini na sita nimekula kwenu Kasansa, na sijawahi kumwona mama yako akitafuna. Sasa nimshike shingo? Nimwambie afungue khanga, nimwekee kidude kwenye kinena? Ningempima kwa macho gani? Na siku ile Sista Adela alikuwa Sumbawanga kwenye semina. Nilifikiri nitaandika kitu cha kushikilia nafasi, halafu Sista akirudi tutamwita mama apimwe upya. Sista alirudi. Sikumwita. Jambo likalala, nami nikalala juu yake.

Lakini utaratibu ulikuwa kwamba wenye mshipa mgumu warudi kwa daktari baada ya wiki mbili, waangaliwe dawa zao. Wenye namba nzuri warudi baada ya miezi mitatu. Daktari alisoma saba nukta mbili, akaandika miezi mitatu. Mama yako alianguka jikoni mwezi wa pili tangu siku ile.

Sisemi angepona. Nimemuuliza daktari mkuu wa mradi huu, naye amesema hakuna anayeweza kuapa hivyo. Moyo wake ulikuwa umechoka tangu zamani. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, nisije nikajifanyia huruma wala nisijiongezee ukubwa wa kosa ili unihurumie. Ninachojua ni kwamba alinyimwa wiki mbili, na aliyemnyima ni mimi.

Sasa njoo kwenye lile linaloniuma zaidi. Unaukumbuka msiba. Tulikaa uani pale Kasansa, na kaka yako Kristofa akasimama mbele ya wazee. Nayasikia maneno yake mpaka leo nikifunga macho.

"Mama yetu alipimwa kwa mashine. Mkwe wetu huyu hapa, ni mtu wa hospitali, aseme kama naongopa. Mashine ilisema mishipa yake ni mizima. Haya, mtu mwenye mishipa mizima anaangukaje tu kama gunia? Nani alimpa uji asubuhi ile?"

Kila mtu akageuza shingo. Uji alimpa mama mdogo Sesilia, ndugu yake wa tumbo moja, aliyekuwa analala naye chumba kimoja na kumkanda miguu kila jioni. Mjane, hana mtoto. Akasema, "Mwanangu Kristofa, uji ule na mimi niliunywa." Kristofa akamjibu, "Mchawi hafi kwa dawa yake." Halafu akanigeukia. "Mkwe, ilisema mizima, haikusema?"

Nikasema, "Ilisema."

Neno moja tu hilo. Mama Yusta, nimesoma uuguzi miaka mitatu na nimefanya kazi miaka ishirini na saba, na neno lililofanya kazi kubwa kuliko yote niliyowahi kusema ni hilo. Kesho yake mlango wa mama mdogo ulirushiwa mawe. Keshokutwa yake alikuwa Katumba kwa watu wa kanisa, na yuko huko mpaka sasa, anawapukuchulia watu mahindi na kufunga tumbaku mzee wa watu, kwa sababu namba niliyoitunga ilikuwa nzuri mno. Kama ningeandika namba mbaya ya uongo, angekuwa nyumbani kwake leo. Hata kudanganya nilidanganya vibaya.

Na mimi je? Mimi nilimiminiwa chai ya kwanza. Mzee mmoja akanishika bega akasema nimemheshimu mama mkwe mpaka mwisho, wakwe wa siku hizi si hivyo. Nikanywa. Ilikuwa na sukari nyingi.

Wewe ulilia pembeni yangu, na ulipochoka kulia ukasema, "Angalau tulimpima." Nilikupangusa machozi kwa kitambaa changu. Sijui kama utataka kukumbuka hilo.

Basi, Jumanne ileile nilikwenda kwa daktari mkuu wa mradi, nikasimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi aliyevunja kioo, nikasema yote. Ni mtu mpole, na wapole ndio wanaokata. Aliniuliza swali moja: "Na wengine wangapi?" Nikamwambia hakuna mwingine, wote wana picha zao. Akasema, "Picha zipo. Lakini sasa hata picha ulizopiga wewe lazima tuzitilie shaka." Ameziweka zote pembeni. Wale wazee waliotoka Kasansa na Katumba alfajiri, wakavua nguo zao kwa aibu mbele yangu, niliowapima kweli, na nikawapima vizuri, wote wataitwa wapimwe tena na mtu mwingine. Sina la kubisha. Ningekuwa yeye nisingemwamini mtu kama mimi hata kusoma saa ya ukutani.

Injinia Rehema alikuja baadaye kunipa pole. Nikamwambia, "Mwanangu, pole mpe yule mama." Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilikuwa namfuta." Hakuwa na kosa lolote. Huku mtu akipindisha mstari anafutwa, na mstari unanyooka. Kasansa hakuna kitufe hicho.

Kazi imekwisha, nimeambiwa nirudi Mpanda nikajieleze kwa mwajiri. Napanda treni Ijumaa. Lakini barua hii naituma kwa dereva wa basi itangulie, na ninakuomba usinisubiri. Kwa simu ningeweza kukwambia, ila simu haisomwi mbele ya wazee. Nenda nayo Kasansa. Mwombe Kristofa awaite walewale waliokuwa uani, wewe usome kwa ile sauti yako ya darasani, usiruke mahali, hata hapo pa chai. Halafu Kristofa aende Katumba yeye mwenyewe, kwa miguu yake, akamwombe radhi mama mdogo Sesilia na kumrudisha nyumbani. Akikataa, mwambie mkwe wake anakuja, na nitasema tena pale pale uani, nikiwa nimesimama. Kama wewe hutaki kunikuta ndani nikifika, acha ufunguo kwa jirani. Nitaelewa, na sitakutumia mshenga.

Nisalimie mama yangu mzazi, mwambie dawa ya macho yake nimeipata. Msalimie dada yangu Skola muuza mchele, mwambie sijaoa, nimepata mabaya zaidi ya hayo. Mwalimu mkuu wako naye umpe salamu, na yule mwenyekiti wa mtaa wetu asiyelala mikutanoni ila pale anapozungumza yeye. Yusta mwambie baba yake anarudi, na asome kipande cha mpira wa baiskeli, kitamsaidia kwenye baiolojia. Kaka yako Kristofa mpe salamu za heshima. Simchukii. Aliuliza swali sahihi, alijibiwa uongo.

Nilitaka kufunga hapa. Nimeweka kalamu chini, nikaisoma barua tangu mwanzo, na nimeona nimekudanganya tena. Humu humu. Ndani ya barua ya kuungama. Siwezi kuifuta bila wewe kuona nimefuta, basi naiacha ilivyo na nakuandikia ilivyokuwa.

Sista Adela hakuwa Sumbawanga. Semina ilikuwa mwezi uliofuata. Siku ile alikuwa chumba cha pili, ng'ambo ya ukuta wa plaiwudi, anakula muhogo na chai. Nilikuwa namsikia akicheka. Ningegonga ukuta kwa kidole, angekuja.

Sikugonga kwa sababu wiki moja kabla alinisahihisha mbele ya wagonjwa. Nilikuwa nimepitisha futi juu ya tumbo la mtu mnene, ikafuata mlima badala ya kunyooka, na umbali ukawa mrefu. Akasema, "Kaka, unapima mtu au unapima barabara ya kwenda Inyonga?" Wagonjwa walicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, unanijua. Lakini lilibaki hapa kifuani. Na mama yako, bila mimi kumkataza, alikuwa amewaambia Kasansa nzima kwamba mkwe wake ni daktari. Alikuja amevaa khanga mpya. Sikutaka Adela aingie, anitoe nje, au aniambie "kaka, shika hivi" mbele ya mtu pekee duniani aliyeamini kwamba mimi ni daktari. Ni hivyo. Desturi niliivaa baadaye, kama koti.

Maana desturi yenyewe mama yako aliiondoa. Hili sijawahi kumwambia mtu. Alikuwa ameketi kitandani ametazama ukuta, nami nimesimama nimetazama dirisha, kama inavyopasa. Tulikaa hivyo muda mrefu, kidude mkononi mwangu. Halafu akasema, bila kugeuka:

"Baba Yusta, nifanyie tu. Leo mimi ni mgonjwa, si mama mkwe wako. Mungu ataelewa, na huko nyumbani hawatajua."

Miaka ishirini na sita, na hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia. Alikuwa ameyabeba kutoka Kasansa, nadhani. Yalimgharimu. Nami nilibonyeza mashine ikalia ile milio yake, nikahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini, nikaandika saba nukta mbili.

"Tayari, mama. Tumemaliza."

"Kumbe ni hivyo tu?" akasema. "Hata haigusi."

"Ni hivyo tu, mama."

Akafunga khanga yake ambayo hakuwa ameifungua, akanishukuru.

Mumeo, kama bado,
Baba Yusta